Siku Niliyomfukia Binti Yangu Mchangani

Nianze na kosa lenyewe, maana hapa mtaani Rasbura, Lindi, watu wanalijua tayari na wanalisimulia vibaya. Wanasema nilimtupa mtoto baharini. Sikumtupa. Nilimfukia, tena mpaka mapajani tu, na wakati huo nilikuwa nasali rozari. Mwenye akili anaona tofauti.

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane na alikuwa hatembei. Alikuwa hata hatambai kama watoto wa watu. Alikuwa anasota kwa makalio, mguu mmoja mbele, mkono mmoja unasukuma, kwa kasi ya kutosha kumkimbiza kuku. Nguo zake zote zilitoboka mahali pamoja. Ukimsimamisha, anakunja miguu juu kama ndege anayeruka, unabaki umeshika mtoto hewani. Ukimwegemeza ukutani, anateleza taratibu mpaka chini, anakuangalia, anatabasamu.

Mimi ni mtu wa hasira. Nimezaliwa hivyo, na ubatizo haukuiondoa. Nadhani maji yalikuwa machache. Nilizaliwa juu Newala, na utotoni mwangu maji tulikuwa tunayafuata bondeni, unashuka asubuhi na ndoo tupu, unapanda na ndoo imejaa kichwani, shingo imekakamaa, huwezi hata kumgeukia mtu anayekuita. Kwa hiyo padri aliponibatiza sidhani kama alimwaga kwa ukarimu.

Watu wengine wakiwa na wasiwasi wanakonda. Mimi nagomba. Katika miezi ile niligombana na muuza mkaa, na kinyozi ambaye hata hakunikosea, na redio. Mtoto wa nyumba ya mbele alizaliwa wiki moja na wangu, na alianza kutembea akiwa na miezi kumi. Akipita mbele ya mlango wangu nilikuwa namwangalia miguu kama mnunuzi wa mbuzi mnadani. Nilimchukia. Nasema hivi nikijua kwamba alikuwa na mwaka mmoja na alikuwa ananipungia mkono.

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimpa mwanangu mtihani. Namsimamisha katikati ya chumba, naachia mikono, nahesabu. Moja, mbili, chini. Siku nyingine moja, chini. Baada ya mtihani nilikuwa namchukia na Mungu kidogo, kisha naenda kuchemsha uji.

Nilimpeleka kliniki. Nesi alimvuta miguu, akamgonga magoti, akamgeuza huku na huku, akasema miguu ni mizima, huyu hana haraka tu. Akifikisha miaka miwili bado, nimrudishe wampeleke kwa mtaalamu. Katika maneno yote yale mazuri mimi niliondoka na neno moja, mtaalamu. Njiani nikaiuliza simu. Simu ikanipa magonjwa kumi na moja, na mmoja kati ya hayo ulinikosesha chakula cha mchana kabisa, mpaka jioni niliposoma vizuri nikakuta ni wa kondoo.

Baba yake anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Kilwa, anarudi mwisho wa mwezi. Nilikuwa nampigia kila siku kumpa matokeo ya mtihani. Yeye ni mtu wa maneno machache, na yale machache anayasema polepole.

"Atatembea tu," akaniambia.

"Lini?"

"Siku akiwa na mahali pa kwenda."

Nikakata simu. Nilikuwa na mume anayeongea kama kalenda ya ukutani.

Mama mkwe, aliyeko Mingoyo, yeye alituma salamu kwamba katika ukoo wao hakuna mtoto aliyewahi kuchelewa, labda niulize upande wetu. Jibu nililolitunga kichwani lilikuwa zuri sana, ila ningelituma ingenibidi nipite kwanza kwenye kitubio.

Kuhusu sala, niseme ukweli. Nilikuwa nasali sana na nilikuwa nasali vibaya. Nilikuwa namwendea Mungu kama mtu anayefuatilia kitambulisho cha taifa: naingia, nauliza ombi limefikia wapi, naambiwa subiri, natoka nimenuna, kesho niko pale pale. Novena ya siku tisa niliisali kwa siku sita ili kuwahi. Na nikimaliza nilikuwa namtazama mtoto miguuni papo hapo, kama mtu aliyewasha swichi anayeangalia balbu.

Jumuiya yetu inakutana Jumamosi asubuhi, kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Mnaimba, mnasoma Injili, kila mtu anataja neno lililomgusa, halafu kila mtu anatoa nia yake ili wote waiombee. Mgonjwa wangu, safari ya mume wangu, mtihani wa mwanangu. Ikifika zamu yangu nilikuwa nasema, "Nia yangu iko moyoni." Kila Jumamosi, miezi yote ile. Ilikuwa inasikika kama unyenyekevu. Ilikuwa kiburi kitupu. Sikutaka wajue kwamba mimi, mwenye mdomo, mwenye cheti cha kidato cha nne, nina mtoto anayesota. Kana kwamba hawakuwa wanamwona akisota katikati yao wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

Jumamosi moja ikasomwa ile Injili ya ndege, wale ambao hawapandi wala hawavuni na bado Baba anawalisha, kwa hiyo nanyi msihangaike. Watu wakaanza kutaja neno lililowagusa. Ndege wa angani. Ndege wa angani. Ndege wa angani. Mimi ndege wa angani ninaowajua ni kunguru. Asubuhi ile ile mmoja alikuwa ameshuka kwenye ungo wangu akaondoka na samaki mzima aina ya changu, huku ananitazama.

Zamu yangu ilipofika nikasema na mimi nimeguswa na ndege, maana leo mmoja kachukua samaki wangu bila kupanda wala kuvuna. Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu ni mama mjane, mwalimu mstaafu, hacheki ovyo. Alisubiri wanyamaze.

"Basi Mungu kamlisha kwa mkono wako," akasema, akafungua ukurasa wa wimbo.

Lile jibu nililigombeza wiki nzima nikiwa nafua.

Sasa jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja. Ni bibi wa watu, Mmachinga wa kabila, Mwislamu wa swala tano, kazaliwa Kiswere na kakulia majini. Anakaanga samaki na mihogo mbele ya nyumba yake, na mwanangu alikuwa anasota mpaka kwake kila siku kwa sababu kule kuna chakula na hakuna mtihani. Alikuwa ameniona asubuhi nyingi nikimsimamisha mtoto na kumwachia. Siku moja nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, akaendelea kugeuza mihogo, kisha akaniambia bila kuinua macho kwamba mtoto wa namna ile huchimbiwa shimo.

Nikamuuliza shimo gani. Akanieleza. Unakwenda pwani asubuhi, mwezi ukiwa mchanga, maji yakiwa mbali. Unachimba, unamsimamisha mtoto ndani, unamfukia miguu kwa ule mchanga mbichi. Mchanga unamshika, miguu inajifunza kusimama. Mtoto wake wa tatu ndivyo alivyofanyiwa, na leo anacheza mpira.

"Ni uganga huo, bibi?"

"Ni mchanga."

Akaniambia mwezi ukiandama tutakwenda wote, yeye ananionyesha. Nikamwambia sawa. Sikuwa na nia ya kwenda naye wala na mtu yeyote. Kama Mungu hakutaka kunijibu, ningejua la kufanya mwenyewe, lakini sikutaka shahidi, hasa shahidi anayekaa na watu wazima wa mtaa mzima wakisubiri mihogo iive.

Dhamiri ilinisumbua kidogo. Kwa hiyo nikauongoa mpango. Nikachukua rozari. Nikachukua kichupa cha maji ya baraka. Nikajiambia kwamba mchanga kauumba Mungu, bahari kaiumba Mungu, na mimi ninaviunganisha tu. Jumanne asubuhi, bibi alipokwenda sokoni kununua mafuta, nikambeba mtoto mgongoni, nikachukua na kisufuria chake cha maziwa cha kuchimbia, nikateremka pwani.

Maji yalikuwa mbali kweli. Mbali mpaka nikafurahi. Nje kabisa, kama nukta, kulikuwa na wanawake wameinama wakitafuta pweza, wadogo kiasi kwamba nisingeweza kuwatambua wala wao mimi. Nikatembea mpaka mahali pazuri, mchanga mbichi, laini, hakuna mtu. Nikavua ndala, nikaziweka kando na kile kichupa. Nikachimba.

Nilimsimamisha ndani, nikamrudishia mchanga kidogo kidogo, nikaushindilia kwa viganja. Nikaachia mikono. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kumi. Hakuanguka. Nilisogea nyuma hatua tatu, nikamwona binti yangu amesimama. Mwili mzima umenyooka, anapiga makofi, anaiangalia bahari. Nilijua ni mchanga unaomshika. Nilijua vizuri sana. Nililia hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuuona urefu wake.

Nikapiga magoti nyuma yake, nikaanza. Ilikuwa Jumanne, matendo ya uchungu. Nikafumba macho kwa makusudi, maana nikiyafumbua ningeangalia miguu badala ya kusali. Na kati ya fungu na fungu nilikuwa nasimama kidogo kumweleza Mungu mambo ambayo nilidhani yamempita, mimba ilivyokuwa, nesi alivyosema, mama mkwe alivyosema, kwa hiyo haikuwa rozari fupi. Kwenye fungu la nne nikamsikia mtoto anacheka. Nikahisi magoti yamelowa. Nikajiambia kakojoa, nikaendelea. Salamu Maria mbili baadaye nikahisi mapaja, nikawaza kwamba huo mkojo ni mwingi.

Nilipofumbua macho nilikuwa ndani ya bahari.

Hapa ndipo watu wa mtaani wanapoanguka kwa kicheko, na hapa ndipo ninapoomba wasikilize. Nilikotoka mimi, maji hayajawahi kumfuata mtu. Maji unayafuata wewe, unayakuta pale pale ulipoyaacha jana, na ukichelewa unayakosa. Yakiwa mbali yatabaki mbali mpaka miguu yako iamue. Nilikuwa nimeishi Lindi miaka mitatu, lakini nyumba yetu iko juu, samaki nanunua kwa bibi, na pwani nilikuwa nakwenda siku ya picha. Nilipoona maji yako mbali nilielewa kwamba yamehamia huko. Bibi hakunitahadharisha kwa sababu hakujua kama duniani kuna mtu mzima wa kutahadharishwa.

Na baya zaidi, nilisoma. Jiografia, kidato cha nne, niliulizwa swali la mwezi na kujaa na kupwa kwa maji. Nililijibu ukurasa mzima, na mchoro, kwa Kiingereza. Nilipata C. Halafu nikaenda kumpanda mwanangu pwani mwezi mwandamo kama mche wa mkorosho.

Nikamshika makwapani nikavuta. Hakuja. Mchanga ulikuwa umemkamata, na kila nikivuta analia, na kila wimbi likija linajaza pale nilipofukua. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Yeye ni mfupi, kiuno chake hakiko mbali na shingo yake. Ndala moja ilikuwa imeshaondoka. Kichupa cha maji ya baraka kilikuwa kinaelea, kinazunguka, juu ya maji mengine yote ya Mungu. Nikachimba kwa kisufuria, kwa kucha, nikavuta tena. Wale wanawake wa pweza walikuwa wanarudi lakini walikuwa mbali, na upepo ulikuwa unaichukua sauti yangu upande mwingine.

Nikataka kusali. Sala zote zilinitoka. Mimi niliyekuwa na novena mfukoni sikukumbuka hata mwanzo wa Baba Yetu. Nikabaki na neno moja tu la ndoo.

Nilieleze neno hilo. Ukipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, ukafika nyumbani, huwezi kuitua peke yako. Imejaa, iko juu, shingo imekufa. Unasimama uani na kumwambia yeyote aliyepo, "Nitue." Hata kama mmegombana, hata kama ni mgeni, anasimama anashika upande wa pili na mnaishusha pamoja. Mimi nilikuwa mtoto nisiyependa kulisema. Nilipokuwa na miaka kumi nilifika nyumbani, mama yuko pale anachambua kunde, na kwa sababu alikuwa amenigombeza asubuhi nikaamua kuitua mwenyewe. Yote ilimwagika. Mama hakunipiga. Aliangalia ule udongo uliolowa, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kunde zake. Ningependa zaidi fimbo.

Basi nikiwa majini, nimemkumbatia mtoto ili kichwa chake kikae juu, nikasema, "Nitue." Nikasema tena. Wala sikuwa namwangalia mtu.

Bibi alikuja anakimbia, kanga imefungwa juu ya magoti, mwanamke wa umri ule. Alikuwa amerudi sokoni, akakuta mlango wangu umefungwa na kisufuria hakipo pale kinapoanikwa, akaangalia maji, akaelewa. Hakuvuta. Alipiga magoti, akateremsha mikono kando ya miguu ya mtoto, akaitikisa taratibu huku na huku mpaka maji yakapenya chini, na mwanangu akatoka kama muhogo kwenye udongo wa masika. Akaniwekea mikononi. Kisha akakaa chini, ndani ya maji, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema alipoweza, "bahari hukuambiwa kama inarudi?"

"Sikuambiwa."

"Na huko shule mnasoma nini?"

Sikumwambia kuhusu C.

Tulipopanda mahali pakavu sikuweza hata kumfunga mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshasahau, anasota kumfuata kaa. Bibi akaacha kucheka. Akaniuliza ninaogopa nini hasa, maana kuchelewa kutembea hakumfanyi mtu akafanya vile. Nikamwambia ambalo sikuwa nimemwambia mume wangu wala padri. Wakati wa mimba nilikuwa na hasira miezi yote tisa, hasira na mume kuwa mbali, hasira na nyumba, hasira na mtoto mwenyewe kwa kuja mapema kabla sijafanya lolote na cheti changu. Niliogopa hasira ile imemwingia miguuni. Niliogopa kwamba hatatembea kamwe na ni mimi.

Bibi akakamua pindo la kanga yake.

"Hasira ingekuwa inaingia miguuni, wewe ungekuwa unatambaa."

Nikacheka huku kamasi zinatoka. Tukarudi nyumbani, mimi na ndala moja.

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa zamu yangu. Bila shaka. Uani kwangu walijaa kuliko siku zote, hata wale wa sikukuu tu walikuja, na kila aliyeingia alikuwa anamwangalia mtoto kama amepungua. Tukaimba, tukasoma. Zikafika nia. Ilipofika zamu yangu nikafungua mdomo kusema iko moyoni, na nikaona mwenyekiti ananitazama, na nikachoka. Nilichoka ghafla kama mtu aliyefika uani na ndoo.

Nikasema, "Mwanangu hatembei. Ninaogopa kila siku. Naogopa mpaka nimemfukia baharini, kama mlivyosikia, ila sikumtupa."

Kuna mtu alikohoa kicheko akakimeza. Mwenyekiti akaniuliza, kwa sauti ile ya darasani, ninataka wamwambie Mungu nini. Nilikuwa na orodha. Nilikuwa na tarehe kabisa, kwamba iwe kabla ya mama mkwe kuja. Nikaitafuta ile orodha nikaikosa.

"Anitue," nikasema.

Kulikuwa na mama mmoja pale anayetoka juu Newala kama mimi. Yeye hakusubiri maelezo. Alisimama, akaja, akaweka mikono yake miwili chini ya viganja vyangu kana kwamba kuna kitu kweli, akashusha. Wengine wakasali. Ilikuwa sala fupi. Hakuna joto lililonipita mwilini, hakuna sauti. Mtoto alikuwa amelala na kipande cha muhogo mkononi. Wakanywa chai yangu wakaondoka.

Jumapili asubuhi sikumpa mtihani. Niseme ilivyokuwa ngumu: mikono iliwasha. Niliamka na wasiwasi uko kichwani umejaa pomoni kama vile jana hakuna aliyenitua, nikakasirika, nikaona nimedanganywa. Nilichemsha uji nikiwa nanung'unika, mpaka nikakumbuka kwamba hata yale maji tulikuwa tunayafuata kila siku. Hakuna aliyetuliwa Jumatatu akakaa mpaka Krismasi. Nikasema neno langu, nikakoroga uji. Jumatatu nikalisema tena. Siku nyingine nililisema mara tano kabla ya saa nne, na mara moja nililisema kwa kufoka, na nadhani lilipokelewa hivyo hivyo. Tarehe ya kurudi kliniki niliiandika nyuma ya kadi yake, kwa sababu Mungu hajanikataza hospitali, kisha nikaiweka kadi sandukuni badala ya kuisoma kila saa.

Wiki tatu zikapita hivyo. Sikuwa mtakatifu. Niligombana na muuza mkaa kama kawaida. Lakini mtoto wa nyumba ya mbele alipopunga mkono nilimpungia, na niligundua kwamba mwanangu ana mazoea ya kuimba peke yake akisota, wimbo wa noti mbili. Alikuwa anauimba siku zote. Nilikuwa sijausikia kwa sababu ya kuangalia miguu.

Halafu ikawa Alhamisi moja nimempeleka kwa bibi, mimi nikaenda mashine kusaga. Foleni ilikuwa ndefu na mwanamke mmoja akadai nimemruka. Sikumruka. Tulilijadili jambo hilo kwa kirefu. Niliporudi, unga kichwani, nilisikia harufu ya samaki wanaungua, na bibi yule hajawahi kuunguza samaki. Alikuwa amekaa, kijiko kiko mkononi, hageuzi.

"Ametembea," akasema.

Akanieleza kwamba kunguru alitua pale karibu, hatua tatu kutoka kwenye mkeka. Mwanangu alikuwa na kipande chake cha samaki. Akamwangalia kunguru, akaweka mkono mmoja chini, akainuka, akaenda. Hatua tatu. Akamwekea yule ndege samaki mbele yake, akakaa. Kunguru akala.

"Alikwenda kumlisha," bibi akasema, kana kwamba anaomba radhi.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti. Kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira, tena ya kupanga foleni: kwa kunguru, kwa bibi, kwa yule mwanamke wa mashine, na mwisho kwa Mungu, maana kwa miezi chungu nzima nimeikodolea macho miguu ile asubuhi mpaka jioni, naye akachagua dakika ninazogombea nafasi ya kusaga. Nikamuuliza bibi kama ana hakika. Akasema macho yake hayaoni tundu la sindano, lakini mtoto anamwona.

Nikatua unga. Nikamwendea mwanangu, mikono tayari imenyooka kumsimamisha nihesabu. Aliniangalia tu. Mdomo wake ulikuwa na mafuta. Mikono yangu ilikaa hewani pale muda, kisha nikaitumia kumfuta mdomo.

Siku ile hakutembea tena. Wala kesho yake. Wala keshokutwa. Alisota kama alivyosota jana, anaimba. Mama mkwe akapiga simu, nikamwambia mjukuu wake ametembea.

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Sasa umejuaje?"

"Nimeambiwa."

Nikasubiri wasiwasi unipande kama ulivyozoea. Haukupanda. Nikajiangalia pale nilipokaa, na simu sikioni, nikaona kwamba nimeamini. Nilikuwa na neno la bibi wa Kiislamu muuza samaki, asiyeona sindano, na ushahidi wa kunguru. Nilikuwa nimesali novena ngapi ili nionyeshwe, na sasa nilikuwa nimekaa sijaonyeshwa, na ugali wangu ulikuwa unateremka. Usiku ule nililala mpaka jogoo. Baba yake nilipompigia, alisema, "Si nilikwambia," polepole.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu. Choo chetu kiko nje, mlango wa bati, na ni mahali pekee ninapopata faragha, kwa hiyo huwa sina haraka. Nilikuwa nimechuchumaa ndani nikiwaza mboga. Nikasikia kitu kwenye saruji ya uani. Msoto wake naujua, unakwaruza. Hiki kilikuwa hakikwaruzi. Kilikuwa kinapiga: pa. Kimya. Pa, pa. Kimya kirefu, na mimi nimeacha kupumua, siwezi kusimama na siwezi kutoka. Pa. Na ule wimbo wa noti mbili, unatoka juu kidogo ya pale unapotokeaga.

Kisha ngumi ikagonga bati, usawa wa goti langu.

"Subiri," nikamwambia, nikitafuta kopo la maji huku machozi yananitoka. Ni neno ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulipenda.

Na yeye hakulipenda. Akaendelea kugonga.